Mgomba Uliopita Foleni ya Watu

Jumanne asubuhi Nerima alikuwa kwenye benchi la ofisi ya uraia mjini Tororo, Uganda, amevaa gomesi ya kijani aliyoshonewa kwa mazishi ya mumewe. Mkobani alikuwa na picha ndogo, cheti cha ndoa, na barua ya mwenyekiti wa kijiji iliyosema kwamba mama huyu anajulikana, hana vurugu, na uji wake ni mzuri. Uji huo ameuuza nje ya hospitali ya Masafu miaka thelathini, tangu Oguttu alipomtoa Funyula, upande wa Kenya, akamleta kwake kama mke.

Oguttu alifariki mwaka jana. Hawakujaliwa watoto. Matanga hayajaanuliwa vizuri, shemeji yake Bwire akaanza kupima kiwanja kwa miguu, kutoka jikoni hadi kaburini, akisema mgeni hamiliki ardhi katika nchi hii na kwamba amepata mtu wa kuweka kituo cha mafuta. Bwire si mtu mbaya, ana haraka tu, na haraka yake kila mara humwelekea mtu mwingine. Nerima alitaka kubaki katika nyumba ile, na siku yake ikifika alazwe kando ya mumewe. Bila uraia hilo halikuwezekana.

Afisa aliitwa Okia, kijana mpole mwenye mafua yasiyoisha. Alisoma karatasi zote, akapenga kamasi, akauliza:

"Mama, kitovu yako ilizikwa wapi?"

"Funyula. Kwa mama yangu, chini ya mgomba."

"Basi iko shida kidogo. Wewe iko huku, kitovu iko kule. Uraia hatupei mtu nusu. Kwenda lete."

Nerima hakuliona swali hilo geni. Pande zote mbili za mto Sio, ule wa mpakani, ndivyo mtu anavyoulizwa watu wanapotaka kumjua. Aliaga, akanunua karanga za njiani, akaenda Funyula.

Alimkuta kaka yake Wandera akipukuchua mahindi uani. Wandera alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupukuchua.

"Kitovu hakichimbuliwi, dada," alisema. "Miaka yote hii kimeshakuwa mgomba. Zungumza nao wenyewe."

Nerima alizunguka nyuma ya nyumba, akausalimu mgomba kwa Kisamia, akaueleza habari za Oguttu, za Bwire na za kituo cha mafuta.  Mgomba ukang'oa mizizi yake mmoja mmoja, ukaikung'uta udongo, ukaenda kusimama langoni. Mke wa Wandera alilalamika kwamba sasa kuku watakosa kivuli, lakini akauletea maji ya safari.

Walilala njiani kwa jamaa, wakafika mpakani Busia kesho yake saa nne. Lami ilikuwa ya moto na mgomba ulipenda kutembea ukingoni, penye nyasi. Waendesha bodaboda waliupigia honi kama wanavyompigia kila mtu. Kwenye lango la Kenya askari mmoja aliwasimamisha.

"Mathe, hii ni mzigo ama?"

"Unatembea wenyewe."

"Kama inajitembeza, hiyo si mzigo. Pitieni kwa watu."

Wakapanga foleni ya watu. Mbele yao alikuwa mwanamke mwenye beseni la dagaa wa omena, nyuma yao mwanamume aliyeomba jani moja la kujikinga jua, akapewa. Walipofika upande wa Uganda waliitiwa mkaguzi wa mimea. Huyo alipapasa shina, akachungulia majani kutafuta mnyauko, akanusa mizizi.

"Hii iko salama," alisema. "Na si ya kigeni. Ndizi ya aina hii iko huku toka mababu. Mpaka ndiyo ilikuja nyuma."

Aligonga muhuri kwenye cheti: mmea wa asili ya hapa, uingie bila masharti. Kazi nzima haikumaliza muda wa kunywa chai.

"Na mimi?" Nerima aliuliza. "Mimi na huu tumetoka shimo moja."

"Wewe si mgomba, mama. Watu sina mamlaka."

Moyo wa Nerima ulifurahi hata hivyo. Mgomba ulijichagulia mahali Masafu, kati ya jiko na kaburi la Oguttu, ukajipanda, na jioni ile Nerima akala akiwa ameuegemea. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi yupo kwake. Bwire alipita, akautazama, akaingiza mgomba katika vipimo vyake.

Jumatatu alirudi Tororo na cheti. Okia alikisoma mara mbili, uso ukichangamka, kisha ukanywea.

"Mgomba imepita vizuri kabisa," alisema. "Imekubalika ya hapa. Lakini hapa chini wameandika: aliyeingiza ni Nerima, kutoka Kenya."

"Si wewe uliniambia nilete?"

"Nilisema, mama. Na umeleta. Lakini mwenye kuingiza kitu anatoka nje. Mtu wa hapa ataingizaje kitu ya hapa?"

Nerima alilia pale pale mbele ya watu, kwa hasira zaidi ya huzuni. Okia alisikitika kweli, mpaka akampa kitambaa chake, ambacho hakikuwa safi. Akampa na alichoweza: kibali cha miezi mitatu cha kutunza mmea wa nchi. Kibali hicho hakiongezwi mtu akiwa ndani. Lazima atoke, kisha aingie upya.

Kituo cha mafuta kilijengwa kabla ya Krismasi. Pampu zimesimama palipokuwa jiko. Kaburi la Oguttu limeachwa kwenye kona, ndani ya uzio wa waya, pamoja na mgomba, kwa kuwa mmea wa asili haukatwi ovyo na Bwire ni mtu wa kufuata sheria. Nafasi iliyokuwa kando ya kaburi imewekwa mashine ya upepo wa matairi. Nerima amepanga chumba ng'ambo ya barabara na bado anauza uji. Madereva wakiteremka kujaza upepo huegemea mgomba, nao hauna neno.

Kibali kikikaribia kuisha, mgomba hutoka kupitia lango la magari na kumsindikiza Nerima mpakani. Wenyewe haupangi foleni. Humngoja upande wa Uganda, karibu na wabadilisha fedha, ambao siku hizo hufanya biashara chini ya majani yake. Nerima huvuka, hunywa chai upande wa Kenya, hurudi. Binti wa dirishani humgongea muhuri na kumtabasamia.

"Karibu Uganda, mama."

"Asante," Nerima hujibu.

Kisha hushika njia ya Masafu, mgomba mbele na yeye nyuma, kama mwenyeji na mgeni wake.