Shati Lisilovalika

Dobi alikuwa akiwapigia watu pasi mashati yao huku yeye mwenyewe kifua wazi, na wala si kwa sababu ya joto. Ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulimpiga ubavu wa kushoto, ukamzunguka kutoka mgongoni hadi chini ya titi, ukamtoa malengelenge kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Malengelenge yalikauka, magamba yakadondoka, ngozi ikabaki na madoa tu. Maumivu hayakuondoka. Kitambaa chochote kikimgusa, hata shuka la pamba lililofuliwa mpaka likalainika, alihisi kama anapitishiwa pasi yenyewe.

"Umepona," daktari wa zahanati alimwambia, akiutupia jicho ule ubavu. "Hakuna kidonda hapa."

"Kama hakuna kidonda, kinachoniuma ni nini?"

Daktari akamwandikia dawa zilezile, akaita mgonjwa mwingine. Zile dawa zilimsinzisha juu ya meza ya kupigia pasi hadi akaunguza kola ya mteja. Ubavu haukuzisikia kabisa.

Nyumbani ndiko kulikomchosha zaidi. Pacha wao walikuwa shule ya bweni, wamebaki wawili, na mkewe alikuwa mtu wa maneno machache yaliyonolewa vizuri.

"Baba Pacha, ngozi imepona. Naiona kwa macho yangu."

"Wewe unaiona. Mimi ndiye niliyeivaa."

"Haya. Mama anakuja Jumamosi. Utakaa mbele ya mkweo kifua wazi?"

Hilo ndilo lililompeleka hospitali kubwa, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Aliyempokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu, ambaye wagonjwa walimwita Dada Mazoezi. Alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo Dobi alishasahau kwamba linawezekana. Kisha akasema, "Maumivu, baba, yanatengenezwa kichwani."

Dobi akasimama. "Na wewe pia! Nimefunga duka nije kuambiwa najifanya?"

"Kaa, baba. Sijasema unajifanya. Hata mguu ukivunjika, maumivu yake yanatengenezwa kwenye ubongo. Mishipa ya fahamu inapeleka taarifa tu, ubongo ndio unaozigeuza kuwa maumivu. Sasa mishipa yako ya ubavuni iliharibiwa na ule ugonjwa. Inapiga kelele za moto na moto haupo. Ubongo utajuaje? Unaamini. Kwa hiyo unaumwa kweli, tena sana."

Dobi alikaa, lakini ukingoni mwa kiti.

"Ukijigonga kiwiko unafanya nini?"

"Nasugua."

"Unapata nafuu?"

"Kidogo."

"Kwa sababu mguso nao una mishipa yake. Taarifa zake na za maumivu zinakutana kwenye uti wa mgongo kabla ya kupanda juu. Mguso ukizidi, maumivu yanabanwa, hayapiti yote. Wewe huwezi kujisugua kwa sababu ngozi yako haitaki kuguswa. Basi hii itakusugulia kwa umeme, pembeni mwa panapouma."

Kilikuwa kijimashine cha kutosha kiganjani, chenye nyaya na vibandiko vya gundi. Akambandika, akakiwasha, Dobi akahisi mtekenyo hafifu. Mara Dada Mazoezi akageuka kumsaidia bibi mmoja kushuka kitandani. Dobi, ambaye maisha yake yote mkunjo mkaidi aliuongezea moto, akazungusha kitufe hadi mwisho.

Misuli ilikakamaa, akaruka kutoka kitini. Alipokuwa anang'oa vibandiko, kiganja kikapita palepale pabaya. Ukelele alioupiga ulimrudisha yule bibi kitandani.

"Nani kakwambia uongeze?"

"Na nani kaniambia nije!"

Akatoka, shati kalitupia begani, upande usiouma. Mkewe alipomwona mlangoni akasema, "Uso umekunjana kuliko nguo za wateja."

Mama mkwe akafika. Dobi alimsalimia kwa nyuma ya pazia, akakimbilia dukani, akarudi kwa mlango wa nyuma, akajifungia chumbani. Siku ya pili akasikia sauti ya mama mkwe sebuleni: "Mwanangu, kama mumeo hanitaki, niambie nifunge mzigo wangu. Mimi si mtoto."

Mkewe hakumjibu mama yake kitu. Kimya kile kilimuuma Dobi mahali pengine kabisa.

Asubuhi alirudi kwa Dada Mazoezi, amemeza hasira na aibu kwa pamoja. Safari hii vibandiko vilikaa kwenye ngozi isiyouma, juu na chini ya ule mkanda, karibu na uti wa mgongo, na kitufe hakuruhusiwa kukigusa. Mtekenyo ukaanza, ukakolea, ukatulia. Taratibu ule moto ukasogea mbali, kama redio ya jirani aliyefunga dirisha. Dobi akavuta pumzi iliyojaa. Halafu, badala ya kushukuru, akapandwa na hasira upya.

"Muda wote huu! Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Sijui, baba," alisema Dada Mazoezi. "Lakini hii haiponyi. Inapunguza, na si kwa kila mtu."

Akamwazima kile kijimashine, akamwachia vibandiko vyake palepale mgongoni. Jioni hiyo Dobi alivaa shati, akaketi mezani na mama mkwe, akaomba radhi, wakacheka. Wali ulikuwa haujafika nusu ya sahani pale mtekenyo ulipokatika. Betri imekwisha. Alivumilia tonge mbili, tatu, kisha jasho likamtoka, akainuka bila kuaga akaenda uani.

Mkewe akamfuata. Alimkuta anafungua vifungo kwa pupa, machozi yakimlengalenga. Alikuwa hajawahi kumwona hivyo.

"Kumbe ni hivi?" akauliza polepole.

"Nilikuwa nakwambia nini miezi yote?"

Sauti ya mama mkwe ikatoka ndani: "Kama shati linamchoma, alivue! Nimezaa wanaume wanne, kifua gani sijakiona? Wali unapoa!"

Alimaliza kula kifua wazi, macho kwenye sahani, akitamani sakafu immeze.

Tangu hapo mkewe ndiye anayembandika vibandiko, kwa kuwa mkono wa Dobi haufiki mgongoni. Kuna siku shati linakaa hadi adhuhuri, na kuna siku halivaliki kabisa, na hakuna anayeweza kumwambia mapema ipi ni ipi. Hilo linamkera kuliko lolote.

"Chini kidogo. Si hapo. Chini, nimesema!"

"Sema vizuri, Baba Pacha. Mikono ni yangu, mgongo ni wako."

Dobi akainamisha kichwa, akamwacha apatafute.