Ndama wa Gari Jekundu

Simu ilipita mkono hadi mkono, na kila mwanamume aliyeipokea alifuta kioo chake kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu apapasaye ubavu wa ng'ombe anayetaka kumnunua. Ndani ya kioo hicho chenye ufa kulikuwa na gari jekundu la milango miwili, fupi, la mbio, tumbo lake likikaribia kugusa lami. Lami yenyewe ilikuwa ya Goma. Gari lilibaki huko, kwa sababu barabara ya kupanda Masisi hutafuna hata malori, basi wakwe walikuwa wameleta picha. Mahari ya picha ilikuwa kitu kipya hapa Lushebere, lakini siku hizi ni nini kisicho kipya?

Mukantabana aliichungulia kutoka mlangoni mwa nyumba waliyoazimwa kwa siku hiyo, jagi la maziwa mkononi, na moyo wake ukafurahi. Tusimsingizie haya asiyokuwa nayo: ulifurahi sana. Mwanawe Umulisa alikuwa anaposwa kwa kitu ambacho shoga zake wa kambi ya wakimbizi hata jina lake hawakulijua. Kule Ngungu, walikotoka, mumewe Kabera alikuwa na kundi la kutajwa na watu. Wenye bunduki walikuja mchana kweupe, wakaliswaga lote, wakamwachia fimbo ya kuchungia wakicheka. Tangu hapo Kabera alitembea ameinamisha uso, na yeye Mukantabana akawa mtu wa kuuza maziwa ya ng'ombe wa wengine. Ng'ombe, kwa hesabu yake, walikuwa wamegeuka kuwa mwaliko wa maafa. Jirani yao mmoja alipokea mahari ya ng'ombe wazuri ajabu, na kabla harufu ya karamu haijaisha uani mwake, wageni wasioalikwa walikuwa wamekwisha kufika. Gari lililofungiwa ndani ya geti la Goma nani angeliswaga?

Mwoaji, Fiston, alikuwa mtu wa Walikale. Alianza kwa kuteremka mwenyewe katika mashimo ya dhahabu ya Omate, na sasa alinunua madini ya wachimbaji wenzake na kuyauza mjini. Alikuwa kijana wa sala na wa suti, na siku hiyo hakufungua kinywa, maana mwoaji hasemi, husemewa. Alisemewa na binamu yake Léopold, mwalimu wa sekondari, mtu ambaye hata akiomba maji ya kunywa huyatolea hoja kwanza. Upande wa Kabera msemaji alikuwa kaka yake mkubwa, Sebarenzi, dalali aliyezeekea katika masoko ya ng'ombe. Yeye akishafungua mdomo wa ng'ombe na kutazama meno, hukwambia umri wa mnyama, na ukimlipa vizuri hukwambia na tabia za mwenyewe.

"Papa Sebarenzi," Léopold alianza, "sitaki kesho museme tuliwaficha. Hii gari iko mupya, haiko ya mutumba. Basi tuangalie wenzake, tupime. Ile ya Bataliano, yenye mbio kama hii, bei yake iko mara mbili. Ile ya Bajerumani, bei yake iko kali vilevile, na ndani unakaa kama umekunjwa. Ya Bajapani njo inakaribia kidogo, lakini haina shevo kama hii."

"Shevo njo nini?"

"Farasi, Papa. Nguvu ya moteri wanaipima na farasi. Hii iko na farasi zaidi ya mia tatu."

Sebarenzi aliitazama picha kwa jicho moja. "Tumesikia farasi," alisema. "Lakini sisi tuliomba ng'ombe. Na hili tumbo linakokota chini namna hii, iko na mimba?"

Nyumba nzima ilicheka, hata wakwe. Mukantabana naye alicheka kule mlangoni, akaficha meno kwa kitenge. Alijua shemeji yake anafanya kazi yake. Ng'ombe wa mahari hashukuriwi akiletwa. Hubezwa kwanza, huambiwa pembe zake mbaya, mgongo wake umepinda, mpaka wenye kuposa waone aibu na kuongeza. Lakini ng'ombe hubezwa na mtu anayemjua. Hapa Sebarenzi alikuwa anabeza asichokijua mbele ya mtu aliyekijua kwa kusoma, na kila alipotupa neno, Léopold alilidaka na kulirudisha na bei ya gari lingine. Rangi ikakosolewa, ikajibiwa. Udogo ukakosolewa, ukajibiwa. Ikaulizwa faida yake, na Léopold akatabasamu kama aliyekuwa akilingoja swali hilo tangu asubuhi.

"Goma kila samedi, kila mwisho wa juma, iko ndoa," alisema. "Bibi-arusi wote wanataka gari ya namna hii. Papa Kabera ataipangisha tu, yeye amekaa. Ng'ombe gani inaleta franga bila kukamuliwa?"

Mukantabana alimwona mumewe akiinua uso. Ule uso uliokuwa ukitazama ardhi tangu Ngungu uliinuka, ukatazama watu. Kwa hilo peke yake yule mama angetoa mabinti wawili, kama angekuwa nao. Aliweka jagi chini akaenda zake jikoni, maana wanawake hawakai kwenye kikao cha mahari, na wahenga walikwisha sema: asiyekuwepo na lake halipo.

Umulisa alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, akikoroga maharage ya wageni. Hakuwa amemkataa Fiston, wala hakuwa amemsifu. Alikuwa amesema tu kwamba ni mtu asiyepiga kelele, na kambini hiyo ilitosha kuwa sifa.

"Wanasemaje?" aliuliza.

"Wanasema iko bei nzuri. Zote za wenzake ziko kali kuliko hiyo."

Umulisa alikoroga. "Mama, na ndama yake itakuwa nini?"

Mukantabana akacheka tena, akidhani binti amesikia mzaha wa baba yake mkubwa. Lakini Umulisa hakucheka.

"Sifanyi mchezo, mama. Nauliza. Indongoranyo yangu itatoka wapi?"

Mwiko uliendelea kuzunguka chunguni. Mukantabana alikaa juu ya kigogo. Alikuwa amelifikiria gari usiku na mchana, amelifikiria geti lake na mlinzi wake, na hilo moja halikumpitia akilini. Kwa wafugaji wa milima ile, ng'ombe wa mahari haliwi akaisha. Huzaa kwa baba wa binti, na akishazaa, baba huchagua mtamba miongoni mwa uzao ule, akampeleka kule binti alikoolewa. Huyo ndiye indongoranyo, ng'ombe wa kurudi, na ni wa binti mwenyewe, hata mumewe hamgusi bila kuomba. Ndiyo maana watu wale husema hawauzi watoto wao. Kuoza binti na kuuza binti hutofautiana irabu moja tu, na irabu hiyo ni yule mtamba.

Alikumbuka wa kwake. Ilikuwa masika ya pili tangu aolewe, na alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumpa jina baya. Kabera, ambaye leo ni mzee mpole, alikuwa kijana wa mkono mwepesi, na Mukantabana alijifunza kuvaa mikono mirefu hata jua likiwaka. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na njia ya kwao ilikuwa mbali? Asubuhi moja kaka zake wawili walitokea kilimani wakiswaga mtamba. Walikaa, wakanywa, wakazungumza habari za majani na mvua. Mkubwa wao alipopokea kikombe aliushika mkono wa dada yake, akautazama pale kwenye kifundo, akautazama tena, kisha akanywa. Wakati wa kuaga alimwambia Kabera kwa upole kabisa: "Huyu ng'ombe wetu tutarudi kumwangalia. Tutarudi mara nyingi." Tangu siku hiyo mkono wa Kabera ulisahau njia.

Sasa, kwenye moshi wa jiko la watu, Mukantabana alielewa jambo ambalo alikuwa ameishi nalo miaka yote bila kulielewa. Mtamba hakuwa kitu. Angeweza kufa njiani, angeweza kuwa mgumba. Mtamba alikuwa sababu ya kubisha hodi. Nani angekwenda Walikale, kuvuka Nyabiondo na Kashebere na msitu wote ule, kuutazama mkono wa Umulisa, na angesema amekuja kuangalia nini? Furaha yote ya asubuhi iligeuka ikawa uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa wa aibu, kwa kuwa alikuwa amecheka.

Alimngoja Sebarenzi nyuma ya nyumba, alipotoka kwenda kunawa.

"Shemeji, nakuomba. Uombe hata ng'ombe moja ndani ya hii mambo. Gari mubaki nayo, lakini ng'ombe moja ikuwe. Hata iwe mubaya, hata iwe na kilema."

Sebarenzi hakumtazama. Alimimina maji mkononi polepole mno. "Nimeisha kusema, mama."

"Umesema nini?"

"Yule mwalimu aliniuliza kama bei iko ya haki. Nikaona iko ya haki. Nikasema..." Akamimina tena. "Nikasema, tumelipwa."

Ng'ombe wa mahari wakishakubaliwa, msemaji wa upande wa binti husema "tumepokea", na neno hilo huacha mlango wazi: aliyepokea hurudisha. "Tumelipwa" ni neno la soko. Husemwa baada ya kukabidhi kamba, na mwenye kulisema hageuki nyuma kumtazama mnyama.

"Kinywa kilizoea," Sebarenzi alisema, na sauti yake haikuwa na udalali hata kidogo. "Miaka yote nasema hilo neno. Walikuwa wanasema bei, bei, bei. Nikajiona kama niko sokoni."

"Rudi useme umekosea."

"Mbele ya wakwe? Watasema watu wa Masisi wanalipwa halafu wanaomba tena. Na Kabera, umemwona alivyokaa leo? Unataka nimwinamishe tena mimi?" Alikung'uta maji mikononi. "Maji imeisha kumwagika, mama."

Alirudi ndani. Léopold aliombwa kufunga kwa sala, naye akasali kwa Kifaransa na kwa Kiswahili ili Mungu asije akapitwa na neno, akamshukuru kwa urafiki wa msitu na mlima. Wageni wakala. Walisifu maharage.

Walipoondoka jua lilikuwa bado juu ya vilima. Kabera alibaki kitini pake akiwa amekunja nne, kama alivyokuwa akikaa Ngungu, na Umulisa akawa anaosha vikombe karibu na mlango. Mukantabana alisimama mbele ya mumewe. Wahenga walisema ng'ombe avunjikapo guu hujikokota mpaka zizini kwao. Zizi hawakuwa nalo, ila hilo hakulisema. Alichagua neno jepesi kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Baba Umulisa, siku moja tukitaka kumwona mutoto kule Walikale, tutafika tuseme tumeleta nini?"

Kabera alitazama mikono yake, ile ya zamani na ya sasa, kisha akamtazama mkewe, na Mukantabana akajua kwamba amekumbuka asubuhi ile ya kaka zake, amekumbuka kila kitu. Pale mlangoni maji yaliacha kulia ndani ya beseni. Umulisa alikuwa ameshika kikombe kimoja, hakioshi, akimngoja baba yake.

"Lakini umesikia wewe mwenyewe, mama," Kabera alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba. "Za wenzake zote ziko kali kuliko hiyo."