King'ora Hakijalia

Wechuli ana mikono myepesi, na siku hiyo nilimchukia kwa sababu hiyo hiyo.

Tulikuwa chini ya nguzo karibu na bomba la maji, mtaani Nyalenda, mvua imeshika milimani tangu asubuhi. Juu ya nguzo kuna kisanduku chenye kompyuta ndogo ya Linux. Kinapima Mto Auji, na maji yakizidi kinapiga king'ora. Swichi ya kukiliza kwa mkono haipo. Programu yake tunaijenga ofisini kwetu Mamboleo, kwenye laptopu, kwa kompaila, yaani chombo kinachogeuza msimbo tulioandika kuwa programu inayoweza kuendeshwa na prosesa ya kisanduku, ambayo si ya aina ya laptopu. Programu ya zamani ilikuwa inafanya kazi vizuri. Lakini Wechuli alikuwa ameweka kompaila mpya, na programu mpya ikagoma: ilidai toleo jipya la maktaba, yaani faili la msimbo ambalo programu zote hutumia kwa pamoja, na kisanduku hakina toleo hilo.

"Rudia kompaila ya zamani, ujenge upya," nikamwambia.

"Naswa, hiyo itakula mchana wote. Wacha ni-copy tu hii library mpya, niiweke juu ya ile ya zamani."

"Usiguse. Kila kitu humo ndani kinaitegemea."

Nikageuka kupokea simu ya bosi. Akagusa.

Kila amri tuliyoandika ikafa, na king'ora pia. Tulikizima tukakiwasha, wapi. Nilimtukana Wechuli matusi ambayo mama yangu hajui kama ninayajua. Na nyuma yetu mto ulikuwa umeanza kumwagika njiani.

Tukakimbia mlango kwa mlango. Mama Apiyo alikuwa anachambua dagaa wa omena ndani ya nyumba yake, kando kabisa ya mto.

"Mama, toka. Maji inakuja."

"Siren haijalia, nyathina, mwanangu," alisema kwa upole. "Si ni wewe ulituambia kwa baraza tungoje ilie? Ile siku tulikimbia bure, wezi wakabeba hadi sufuria."

"Imeharibika, Mama."

"Na si jana tu mliitest ikalia? Wacha nimalize hii."

Nilimshika mkono, akautoa. Maji yalinifika magotini, watoto wa jirani wakawa wanalia, nikawabeba hao kwanza. Niliporudi sikuweza kuuona mlango wake; maji yalikuwa yameufunika.

Kisanduku kinafanya kazi sasa. Wechuli alijenga upya kwa kompaila ya zamani, na kweli ilikula mchana mmoja.

Kwenye matanga ya Mama Apiyo, Lorine, binti yake, aliniuliza kama king'ora kililia. Nikamwambia hapana.

"Basi alikuwa anangoja," akasema, akanipa kiti.