Daraja Bila Senti

Mheshimiwa mbunge alisimama akaiponda bajeti ya barabara mpaka mate yakamruka. Haina hata senti ya daraja la kwao! Wajawazito wanavushwa mto mgongoni, waziri anapigwa na kiyoyozi! Nyumbani, mbele ya televisheni, mkewe alishangilia hadi sauti ikamkauka. Kengele ya muda ikalia.

"Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naiunga mkono bajeti hii kwa asilimia mia moja."

Mkewe akazima televisheni.

Jioni mbunge aliingia na njaa yake, akaketi mezani. Mkewe akasimama, akagonga meza.

"Mume wangu umefoka kutwa nzima! Tumbo tupu! Kula ni haki yako!"

"Kabisa, mke wangu!"

"Baada ya kusema hayo, sijapika."