Mkono wa Asmaa

Bi Mwanakhamisi hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Muulize yeyote sokoni Uyole. Mchele wake aliufuata mwenyewe Ubaruku, akautafuna mbichi palepale mashineni kabla hajatoa hela, na mwenye mashine akinuna alimwambia, "Nuna tu, baba, ila gunia la chini nalo lifungue nilione." Sasa mtu wa namna hiyo umletee mzungu anayefundisha watoto bure, unategemea nini?

Mzungu mwenyewe alikuwa mwalimu mmisionari kutoka Ufini, huko kwenye barafu. Jina lake Riitta, lakini Uyole ilimwita Rita, yakaisha. Kiswahili alijifunza miezi michache kule Iringa, alipopangishiwa chumba Kihesa, halafu kanisa lake likamleta huku kufungua darasa la watoto wasiosikia. Maisha yalimhangaisha. Jiko la mkaa lilimzimikia kila asubuhi, baridi ya Uyole ilimtia kikohozi yeye wa kwenye barafu, na siku ya kwanza tu alimwamkia mtoto wa chekechea shikamoo mbele za watu. Watu walicheka mpaka machozi. Bi Mwanakhamisi hakucheka. Alikuwa akiiangalia mikono ya mzungu.

Maana mikono ndiyo iliyowakutanisha. Asmaa, mjukuu wake, alikuwa na miaka saba na hajawahi kusikia hata radi. Mama yake, Saida, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na tangu hapo walibaki wawili tu, bibi na mjukuu, wakielewana kwa kuvutana nguo na kupiga sakafu kwa mguu. Shule nyingine zilishamrudisha. Darasa la Rita lilimpokea, na bibi yake akamwacha pale moyo ukimdunda, kwa sababu mzungu alimwambia akitabasamu, "Usiogope, bibi. Nitamchukua polepole."

Atamchukua! Tena polepole! Mwalimu wa watu alitaka kusema atamfundisha taratibu, bila haraka, na wote waliokuwepo walielewa hivyo isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alirudi nyumbani na neno hilo limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Baba yake alikuja nyanda hizi kutoka Kilwa na msahafu na mizani, akafa navyo vyote viwili. Wa kuvirithi amebaki Asmaa peke yake. Huyo naye akichukuliwa, hata polepole, kutabaki nini?

Basi haikupita muda, mambo yakaanza. Bi Mwanakhamisi alikuwa uani anapepeta mchele, akainua macho, akamwona Asmaa amesimama mlangoni anamtazama usoni. Mtoto akagusa paji la uso. Akagusa kifua. Akagusa bega la kushoto, kisha la kulia. Halafu akachekelea, pengo wazi.

Ungo ulimponyoka. "Astaghfirullah! Asmaa!" Akamfikia, akamchapa kofi mgongoni mwa mkono. Halikuwa kofi la nguvu, lakini kofi ni kofi. Mtoto aliubana mkono kifuani akabaki kumwangalia, hajui amekosa nini.

Kesho yake akarudia. Akiamka, akitaka maji, akiona bibi anarudi kutoka sokoni, yeye ni paji, kifua, bega, bega. Na kila akirudia, kofi. Ikafika mahali mtoto akianza tu kuinua mkono anakumbuka, anaushika mwenyewe na kuusugua. Bi Mwanakhamisi aliona hivyo akajisifu kwamba dawa imeingia. Usiku hakulala vizuri, lakini hilo alilisingizia baridi.

Sokoni aliuza jirani na Jailos, mkulima wa viazi kutoka milimani, ambaye alikuwa mzee wa kanisa lilelile la Rita.

"Hebu niambie, Jailos, wewe uliye ndani. Mnawafundisha watoto wa watu kupiga ishara ya msalaba?"

"Msalaba wa mkono? Aa, Mama Saida, kanisani kwetu hatufanyi hivyo. Hiyo ni ya Wakatoliki." Jailos alijikuna shingo. "Labda mwalimu ana mambo yake. Sijui."

"Umeona! Hata ninyi wenyewe hamjui amewaletea nini."

"Mimi sijasema hivyo, mama."

"Umesema. Lisemwalo lipo."

"Si umuulize mwenyewe? Kuuliza si ujinga."

"Mwizi anaulizwa kama ameiba? Kikulacho ki nguoni mwako, Jailos! Nimempeleka mtoto kwa mikono yangu hii." Akauweka sawa ushungi wake, kama afanyavyo siku zote akipandisha hasira. "Niangalizie mchele. Naenda kumtoa leo leo."

Hakupiga hodi. Alisimama kwanza dirishani, maana mtu mwenye shaka hutaka aone kabla ya kuonwa. Na aliyoyaona, loo! Asmaa alikuwa mbele ya darasa. Rita alimuuliza kitu kwa mikono, mtoto akageuka kuangalia mlangoni kwa woga, akausugua mkono wake, kisha harakaharaka: paji, kifua, bega, bega. Rita akapiga makofi. Darasa zima likarudia.

Bi Mwanakhamisi aliingia kama moto wa kiangazi. "Asmaa! Tunaondoka!" Alipiga kelele utadhani mle ndani kuna wa kumsikia. Aliyeshtuka ni Rita tu. Watoto walifuata macho ya mwalimu wao, wakamwona, na wote kwa pamoja wakamgeukia yeye, wakicheka, mikono ikipanda na kushuka: paji, kifua, bega, bega.

"Mnataka kunibatiza na mimi?"

"Shikamoo, bibi. Karibu," alisema Rita.

"Shikamoo yako kaa nayo! Nimekuamini nikakupa mtoto, wewe unamtia msalaba!"

"Msalaba? Msalaba gani?"

"Usijifanye hujui!" Hasira zilimpanda, na ushungi nao, kama kawaida yake, ukateleza. Akauvuta mbele hadi kwenye paji la uso. Akabana pini kifuani. Akatupa ncha moja bega la kushoto, ncha ya pili bega la kulia.

Darasa likaangua kicheko. Msichana mmoja wa mbele alimnyooshea kidole, akapiga meza kwa furaha. Rita aliziba mdomo kwa mkono.

"Bibi," akasema, "fanya tena."

"Nifanye nini?"

"Nguo. Ya kichwa."

Bi Mwanakhamisi akauangalia mkono wake. Ulikuwa bado juu ya bega la kulia.

"Si msalaba," Rita alisema, akiyatafuta maneno moja moja. "Ni wewe. Hapa kila mtu ana jina la mkono. Baba yake huyu," akazungusha ngumi kama anayewasha pikipiki, "ni bodaboda. Jina lako Asmaa ametafuta mwenyewe. Mimi sijamfundisha. Anakuita."

Anamwita. Miaka yote ile mtoto alikuwa akimvuta nguo kwa sababu hakuwa na cha kumwitia. Siku aliyopata jina la bibi yake alisimama mlangoni akamwita nalo, kwa furaha, akaitikiwa kwa kofi. Bi Mwanakhamisi aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu ambao hakuusikia tangu azike mwanawe. Akamnyooshea Asmaa mkono. Asmaa akaificha yake yote miwili mgongoni.

"Na yeye?" alimuuliza Rita. "Yeye wanamwitaje?"

Rita alisita. "Bibi, na mimi nilikuwa na shaka na wewe. Asmaa akianza kuongea, anashika mkono, anaogopa. Nilitaka kuja nyumbani kuuliza. Watoto waliona, wakampa jina." Akanyoosha mkono wa kushoto, akaupiga mgongoni kwa kiganja cha kulia. Kofi dogo.

Na Asmaa, maskini, alipoliona akainua uso kuitikia.

"Libadilishe," Bi Mwanakhamisi alisema.

"Siwezi. Jina wanatoa watoto. Wanaangalia tu."

"Wanaangalia, eeh?" Akavuta kibenchi cha wanafunzi, akajikunja akakaa, magoti karibu na kidevu. "Basi waangalie. Nipo. Na kesho nitakuja, na kesho kutwa, mpaka waone kitu kingine cha kumwitia. Mchele utauzwa na Jailos."

Akaweka viganja vyake juu ya mapaja, wazi, akangoja. Asmaa alivitazama viganja kwa muda mrefu. Kisha mkono mmoja ukatoka mgongoni, ukagusa paji la uso, ukasimama hapo. Macho yake yalikuwa kwa bibi yake.

Mkubwa hamwitikii mdogo namna ile, hata Jailos angekwambia. Lakini Bi Mwanakhamisi aliitikia kwa sauti, na katika darasa lile aliyesikia ni mzungu peke yake.

"Abee, mama," alisema. "Abee."