Jina la Ouko Zizini

Mwaka wa tisini na tano mvua iligeuza zizi la mama kuwa uji, nami nikaleta akili yangu ya kidato cha nne. Mchanga ulikuwa haba, lakini chupa zilizovunjika zilijaa nyuma ya maduka ya Kapsoit. Kwa nini tusichanganye kioo na simiti, tumwage sakafu?

Fundi Ouko, mwashi aliyeitwa na mama, hakunicheka. Alisema inawezekana, bora kioo kisagwe kama unga. Akaleta pia pamba ya mawe, zile nyuzi za kufunikia bomba za mvuke kiwandani. Zikichambuliwa vizuri, sakafu haipasuki.

"Omera, ndugu yangu, kusaga ni kazi yako," aliniambia. "Kipande kikikataa kupita wavu, kirudi chini ya nyundo."

"Fundi, tunajengea ng'ombe ama tunapikia wageni chapati?"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Siku ya pili mikono yangu ilikuwa malengelenge matupu. Ouko alipoingia kunywa chai, nilimwaga karai tatu za vipande vikubwa bila wavu, na pamba nikaitupa ikiwa madonge. Alirudi, akalainisha juu kwa mwiko, halafu kama kawaida yake akaandika pembeni kwa msumari: OUKO 1995. Kanisa lilitaka fundi wa kujenga tangi la maji, na wazee walisema wataangalia kwanza kazi hii.

Walikuja baada ya miezi miwili. Kwato zilikuwa zimekula simiti ya juu, kioo kimetoa meno. Ng'ombe wetu Chelel alikuwa amechanika chuchu, maziwa yanatoka na damu.

"Ouko, hii ni sakafu ama panga?" mama akauliza mbele yao.

Ouko akachuchumaa, akang'oa shingo nzima ya chupa. Akanitazama. Akangoja.

"Labda Chelel alikuwa na kiu ya soda," nikasema.

Mzee mmoja akacheka. Ouko hakucheka. "Kazi ni yangu," akasema. "Jina liko hapo."

Kesho yake alivunja sakafu yote bure. Kona yenye jina aliikata kwa patasi, akaibeba kwa gunia. Tangi likapewa fundi mwingine.

Wiki tatu baadaye nilimwambia mama ukweli. Hakupiga kelele.

"Mimi umeniambia. Sasa enda umwambie Ouko."

Nilienda. Jirani yake Beldina alisema amerudi kwao ziwani, huku hakuna anayemwita tena. Mlangoni alikuwa ameacha ile kona ya simiti, jina likitazama chini, watu wanapangusia matope ya viatu.

Niliibeba. Iko chini ya kitanda changu. Ziwani bado sijaenda.