Joho la Siku Moja

Bibi yake mwanangu Kong, yaani mama yangu mzazi, alikuwa na ombi moja tu: mjukuu wake awe mtawa siku ya kuchomwa maiti yake. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mjukuu anavaa joho asubuhi, anamsindikiza bibi, jioni anavua na kurudi nyumbani kula wali. Shida ni kwamba Kong alikuwa na miaka kumi na mitano, pikipiki isiyo na breki, na kesi ya kumvunja mtoto wa watu jino. Na mimi nina mdomo. Siku mama alipokata roho nilimwambia Kong mbele ya wajomba zake, "Umemuua wewe, kwa presha."

Tangu hapo hakusema nami. Nami nilitaka nimkumbatie, nimwambie nilisema kwa uchungu. Nikajipangia: akishavua joho tu.

Mtawa aliyemnyoa alimkata kidogo juu ya sikio. Kong alipotoka na joho lake la njano, damu inamchuruzika, mkono wangu ukaenda wenyewe. Dada yangu Somjai akaudaka.

"We Wandee, una wazimu? Leo huyo haguswi na mwanamke."

"Ni mwanangu."

"Ndiyo. Piga magoti kama sisi."

Nikapiga magoti. Kong akapita peku mbele ya jeneza, macho chini, taratibu, kama si yeye aliyekuwa akikimbiza kuku wa jirani kwa pikipiki.

Jioni nilimngoja kwenye ngazi za hekalu na suruali na fulana niliyoipiga pasi. Akaja, akakaa mbali kidogo.

"Mama, leo sivui. Nimemwomba mkuu wa hekalu siku saba."

"Wewe? Umeanza lini utakatifu?"

"Sijaanza." Akakuna kichwa chake kipya. "Ila leo, tangu asubuhi, hujanifokea."

Nikaunganisha viganja, nikainama mpaka paji la uso likagusa ngazi.

"Kong, hukumuua bibi. Ugonjwa ndio uliomuua. Nisamehe, baba. Vua twende, sitakufokea tena."

Machozi yakamtiririka, hakuyafuta.

"Mama, usidanganye hekaluni."

Nikacheka huku nalia, maana alikuwa anasema kweli: kufoka ningefoka tu.

"Tujaribu hizo siku saba kwanza," akasema. "Wewe kule nyumbani, mimi hapa."